Kukaa Jirani Hakutoshi



Katika vikao vyetu vya Haki na Amani husikika mara kwa mara usemi kwamba sisi watu wa Pangani hatuna tatizo la udini wala la ukabila, kwa kuwa tumekaa pamoja tangu enzi za mababu. Tunanunua samaki kwa jirani Mwislamu, naye ananunua mboga kwetu. Watoto wetu wanakalia dawati moja. Msiba ukitokea tunafika. Usemi huo una ukweli mwingi, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Hata hivyo tunaona kwamba umegeuka kuwa mto wa kulalia. Kukaa pamoja ni jambo moja, na kuacha kudhaniana vibaya ni jambo jingine kabisa. Wala hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, maana mji wetu wenyewe unautoa.

Katika karne ya 19 mabonde ya mto Pangani yalikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Watumwa wale na mabwana zao hawakuwa wageni wao kwa wao. Wengine walilala chini ya paa moja, wakasema lugha moja, wakashika dini moja. Mtumwa mwanamke alimbeba mgongoni mwana wa bwana hata mtoto akamwita mama. Kama ukaribu peke yake ungekuwa dawa ya dharau, basi Pangani ingekwisha kupona kabla Wajerumani hawajamnyonga Bushiri bin Salim hapa mjini mnamo Desemba 1889. Lakini haikupona. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, na miaka mingi baadaye bado posa iliweza kukwama katika miji ya pwani kwa sababu mzee mmoja alikumbuka babu wa kijana alikuwa mtu wa nani. Hata maneno yetu ya kila siku yamebeba alama hiyo. Ustaarabu, katika asili yake, ni kufanana na Mwarabu. Na mshenzi, katika vinywa vya watu wa pwani, alikuwa ni mtu yeyote aliyetoka bara. Siku hizi tunayatumia maneno hayo bila kufikiri, na baadhi yetu huyatumia hata mimbarani.

Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto huu wetu. Kutokana na miche hiyo mashamba yalienea katika mkoa mzima, na mashamba yakahitaji watu. Wakaletwa kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Singida, Rwanda na Burundi, na Msumbiji pia. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa manamba. Walikaa kambini na si mjini, wakafanya kazi kwa kipande cha siku 30, na mwenyeji wa pwani aliwaona kuwa watu wasio na kwao. Wao nao walimwona mwenyeji kuwa mvivu wa kukaa barazani na bingwa wa uchawi.

Wapendwa, si wachache kati yetu tunaosali katika makanisa ya wilaya hii ambao ni wana na wajukuu wa manamba. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo letu. Ukatoliki hapa haukuja kama dini tu. Kwa macho ya wengi ulikuja pamoja na ugeni, pamoja na kambi, pamoja na ufukara na, baadaye, pamoja na shule na kazi ya ofisini. Vivyo hivyo Uislamu, kwa macho ya mtu wa bara, ulionekana kuwa kitu kimoja na pwani, na kanzu, na bwana wa zamani. Mambo matatu yakawekwa juu ya mstari mmoja: dini, asili na hali ya maisha. Mstari uliochorwa mara tatu haufutiki kwa salamu za Idi na Krismasi.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na si vema viongozi wa kamati zetu wakaendelea kutegemea nia njema peke yake hali elimu ipo. Mwaka 1954 Gordon Allport, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu kikubwa juu ya asili ya dhana mbaya baina ya makundi. Alisema kwamba kukutana kwa makundi hupunguza dhana mbaya iwapo watu wanakutana wakiwa sawa, wakiwa na shabaha moja, wakiifanyia kazi kwa kushirikiana, na wakiwa na kibali cha wenye mamlaka, yaani sheria, desturi na viongozi. Pasipo hayo, kukutana kwaweza kuzidisha dharau. Mnamo 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 za nchi mbalimbali wakaona kwamba kwa kawaida kukutana husaidia, na husaidia zaidi pale masharti hayo yanapotimizwa.

Sasa turudi kwenye shamba la miwa. Bwana na mtumwa walikutana kila siku, lakini hawakuwa sawa. Nyapara na mkata mkonge walikutana kila asubuhi, lakini mmoja alishika daftari na mwingine panga. Tufikirie pia kivuko cha Bweni, ambacho kwa miaka mingi kilivusha watu wa kila dini na kila kabila, bega kwa bega, pamoja na baiskeli zao na matenga yao. Hakuna aliyeshuka ng'ambo akiwa na moyo mwingine kwa sababu alisimama karibu na fulani. Ujirani wetu mwingi ni wa namna ya kivuko: tunasimama pamoja kwa kuwa njia ni moja, kisha kila mtu anashika lake.

Huenda mtu akasema: basi tufanye mechi ya kirafiki, vijana wa parokia dhidi ya vijana wa madrasa. Tunaliheshimu wazo hilo, lakini tunaomba lisitekelezwe. Katika kiangazi cha mwaka 1954 Muzafer Sherif na wenzake walikusanya wavulana 22 katika kambi moja huko Oklahoma, Marekani, wote wa dini moja na hali moja, wakawagawa makundi mawili na kuwashindanisha kwa michezo na zawadi. Haikupita muda wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana usiku. Filamu na chakula cha pamoja havikuwapatanisha. Walipokaa mezani walirushiana vyakula. Walichokipatanisha ni tangi la maji lililoacha kutoa maji, na gari la chakula lililogoma kuwaka, mambo ambayo kundi moja peke yake lisingeyaweza. Kwa hiyo, kama ni mpira, tuchanganye vijana ndani ya timu moja, golikipa Yusufu na mlinzi Yosefu, kisha timu hiyo ishindane na ya kata nyingine.

Mpira wa namna hiyo umejaribiwa katika mahali pagumu kuliko petu. Salma Mousa alifanya utafiti kaskazini mwa Irak, miongoni mwa Wakristo waliofukuzwa makwao na kundi la Dola la Kiislamu, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2020. Timu za Wakristo zilipangwa kwa kura: nyingine ziliongezewa wachezaji Wakristo, nyingine ziliongezewa Waislamu. Baada ya msimu wa ligi, Wakristo waliocheza na Waislamu walikuwa tayari zaidi kuendelea katika timu ya mchanganyiko, na miezi sita baadaye walikuwa bado wanafanya nao mazoezi. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, tukikumbuka majeraha yao. Lakini utafiti huo ulionyesha jambo la pili, na sisi tunaliona kuwa ndilo la kufundisha zaidi: wema huo haukuvuka sana mipaka ya uwanja. Nje ya ligi, kwa Waislamu wasiowajua, mioyo ilibaki karibu pale pale. Kijana aliweza kumpenda Mwislamu wa timu yake na bado akaogopa kwenda kula katika mji wa Waislamu.

Sisi sote tunaijua tabia hiyo. Ni yule asemaye, "Huyu jirani yangu ni mtu mwema, si kama wenzake." Tunamtoa mtu mmoja katika kundi lake ili tupate kuliacha kundi lake katika hukumu ile ile. Tukiridhika na hapo hatujafika popote.

Ni nini basi huupeleka wema nje ya uwanja? Hapa tunapenda kumtaja Mtakatifu Petro, si kwa kumdharau, bali kwa sababu Paulo mwenyewe aliliandika jambo hilo waziwazi katika sura ya pili ya barua kwa Wagalatia. Kule Antiokia Petro alikuwa akila na watu wa mataifa bila wasiwasi. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Angalieni kwamba imani ya Petro haikubadilika kati ya mlo wa kwanza na wa pili. Alijua vilevile kwamba Mungu hana upendeleo. Kilichobadilika ni macho ya watu wa kwao waliokuwa wakimtazama. Aliogopa kuonekana.

Wanasaikolojia wa leo wamefika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2004, redio imetangaza mchezo uitwao Musekeweya, unaosimulia ugomvi wa vijiji viwili jirani na juhudi za kuupatanisha. Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima vikundi vya wasikilizaji wa mchezo huo na vikundi vingine vilivyosikiliza mchezo wa mambo ya afya, akatoa matokeo mwaka 2009. Imani za mtu binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyodhani wenzao wanaona nini kuwa kinakubalika, kama vile kuoana na mtu wa kundi jingine, na kusema hadharani jambo usilokubaliana nalo. Na matendo yalifuata. Mwishoni vikundi vilipewa redio ya kaseti. Waliosikiliza mchezo wa afya kwa kawaida waliikabidhi kwa kiongozi wa mahali; waliosikiliza Musekeweya walibishana, kisha wakapanga jinsi ya kuitunza wenyewe kwa ushirika.

Tafsiri yake kwetu ni hii. Katika parokia wapo wengi ambao moyoni hawana neno na Mwislamu yeyote, lakini wananyamaza mahali mzaha mbaya unapotolewa, kwa kuwa wanadhani ni wao peke yao. Naye mtoa mzaha anadhani wote wako upande wake. Kiongozi wa jumuiya anayesema kwa utulivu, "Hapa kwetu hatusemi hivyo," amefanya kazi kubwa kuliko mahubiri kumi juu ya upendo. Hali ni hiyo hiyo msikitini. Tunajua masheikh wanaokemea kejeli dhidi yetu, na tungependa waamini wajue kwamba wapo.

Hapo watu hutuuliza juu ya utani. Kweli, ni hazina. Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na misafara walijenga utani na makabila mengi ya huku, Wazigua wakiwamo, na hadi leo mtani aweza kuingia msibani akachekesha wafiwa na asichukiwe, na akatenda kazi zake kama mwenye haki. Ni kukutana kwa usawa kulikopewa kibali na desturi; babu zetu hawakumsubiri Allport. Lakini utani ni wa makabila. Hakuna utani wa dini, na anayejaribu kuuanzisha kwa kutania mitume ya wengine anachezea baruti.

Kwa upande wa makabila, Taifa lilifanya kazi ambayo hatuna budi kuikubali. Kiswahili kilipewa heshima ya lugha ya wote, vijana walipangwa shule za mbali na kwao, Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 na likawalaza kitanda sambamba watoto wa Mhaya na wa Mmakonde wakila maharage yale yale. Mchumi Edward Miguel, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004, alilinganisha wilaya ya Busia nchini Kenya na Meatu hapa Tanzania. Busia, mahali penye mchanganyiko wa makabila palichangia shule kidogo kuliko mahali penye kabila moja; Meatu tofauti hiyo haikuonekana. Ukabila ulipewa dawa kwa makusudi, kwa miaka mingi, na kwa gharama. Udini haukupewa dawa ya namna hiyo. Serikali ilisema haina dini, na kwa haki kabisa, ikatuachia viongozi wa dini kazi iliyobaki. Tumeifanya kwa kupeana mikono mbele ya kamera.

Matokeo ya kutoifanya yameonekana nchini mwetu. Oktoba 2012 makanisa yalichomwa Mbagala baada ya ugomvi wa watoto wawili juu ya msahafu. Novemba ya mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali Zanzibar. Februari 2013 mchungaji mmoja aliuawa Buseresere, Geita, katika mzozo wa nani achinje nyama, na tarehe 17 ya mwezi huo huo Padre Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar akienda kuadhimisha Misa. Mei 2013 bomu lilirushwa Olasiti, Arusha, siku ya kuzindua parokia. Hatuyataji haya ili kuamsha hasira. Tunayataja kwa sababu katika kila mahali hapo palikuwa na watu waliosema, kama sisi, kwamba wamekaa pamoja tangu mababu.

Lipo jambo moja ambalo saikolojia hailiwezi, na tume yenye jina la Haki haipaswi kulikwepa. Waislamu wengi wanaamini kwamba waliachwa nyuma katika elimu, na sehemu ya malalamiko hayo ina msingi katika historia. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu wa pwani aliogopa, bila kukosea sana, kwamba mtoto angerudi na jina jingine. Ndiyo maana shule zile zilitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1969. Vilevile vifo vya Mwembechai, Februari 1998, bado ni kidonda kwao, kama Olasiti ilivyo kwetu. Mtu mwenye dai halali ukimkaribisha chai tu, utakuwa umemdharau mara ya pili. Mafundisho ya Kanisa tangu tamko la Nostra Aetate la Oktoba 1965 yanatualika kujitahidi kuelewana na Waislamu na kutetea haki pamoja nao; kutetea haki maana yake ni pamoja na kusikiliza dai tusilolipenda hadi mwisho.

Tuje kwenye matendo, na tuanze na lile gumu, yaani kuchinja. Desturi ya pwani ni kwamba Mkristo mwenye sherehe humwita jirani Mwislamu achinje, ili watu wote wale. Baadhi ya waamini wanauliza kwa nini sisi ndio turudi nyuma kila mara. Swali hilo ni halali, na hatukubaliani na yeyote anayetaka kuigeuza desturi hiyo kuwa sheria juu ya Wakristo. Lakini mwenyeji anayemfikiria mgeni wake harudi nyuma, anatandika mkeka. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba nyama haimsogezi mtu mbele ya Mungu wala kumrudisha nyuma, na kwa sababu hiyo hiyo alikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya mwenzake. Kwa hiyo tunashauri kwamba katika sikukuu ya msimamizi wa parokia, ikiwa majirani wataalikwa, achinje Mwislamu, na mwenyekiti wa halmashauri ya walei alitangaze jambo hilo kanisani kwa kinywa chake mwenyewe, pasipo minong'ono.

Jambo la pili ni msiba. Jumuiya ndogo ndogo zimekuwa neema kwa Kanisa letu, lakini zimeleta tokeo ambalo hatukulikusudia. Zamani daftari la rambirambi lilikuwa la mtaa. Leo Wakatoliki wana lao, Waanglikana wana lao, na Waislamu wana lao, na kila kundi linajua mchango wake tu. Mjane wa Kiislamu aliye milango miwili kutoka kwetu anaweza kupungukiwa sanda na sisi tusijue hadi kesho yake. Msiba unakidhi masharti yote ya Allport: mbele ya kaburi watu ni sawa, shabaha ni moja, kazi haifanywi na mtu mmoja, na hakuna shehe wala padre anayeweza kuikataza. Isitoshe, hauishii uwanjani kama mpira. Unaingia ndani ya nyumba, na mtu asiyemjua marehemu hujikuta anachimba kaburi la shangazi wa mtu asiyemjua.

Kwa hiyo tunaomba kila kitongoji kiwe tena na daftari moja la misiba. Wenyekiti wawe wawili, Mwislamu na Mkristo, na mweka hazina awe mama, kwa maana wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa wamekwisha kutuonyesha kwamba fedha za dini mbili zakaa katika sanduku moja bila kugombana. Kila jumuiya isiache mfuko wake, bali itoe sehemu kwa daftari la kitongoji. Jumuiya zilizo tayari zipeleke kwa katibu wa kamati ya parokia majina ya wajumbe wawili, mwanamke na mwanamume, ambao wataongozana na kamati kwenda kuonana na maimamu wa misikiti ya mahali pao. Madaftari yatanunuliwa kwa fedha za kamati.